Swali la Madam Hilda

Usiku ule nililala na daftari kifuani, zito kama tofali. Lilikuwa daftari la Fasihi ya Kiingereza, kidato cha sita, masomo ya jioni, na nilikuwa nimelikariri kiasi kwamba ningeweza kulighani kuanzia jalada la nyuma huku nimesimama kwa mguu mmoja. Mtihani ulikuwa baada ya siku tisa. Mwalimu aliyenipa maneno yale alikuwa na wiki tatu kaburini.

Darasa letu tulilianza watu ishirini na wawili, watu wazima wote, wenye kazi zao na vitambi vyao. Wengine wakahamishwa, wengine wakachoka, mmoja akaolewa Songea. Mwaka wa pili tukabaki mimi, Madam Hilda na mbu. Mbu wale hawakukosa kipindi hata kimoja; wangesajiliwa, wote wangepata daraja la kwanza. Madam naye hakuacha kuja. Alisimama mbele ya viti vitupu akanifundisha mimi mmoja kwa sauti ya kutosha mkoa mzima.

"Andika, Bwana Pasi," alikuwa akiniambia, maana alijua mchana napiga pasi kwa dobi. "Usinyooshe nguo za watu tu. Nyoosha na hiyo sentensi."

Akaugua siku chache, akafa. Nilipigiwa simu asubuhi, ndiyo kwanza natia mkaa kwenye pasi. Nikasema, "Haya, asante." Nikapiga pasi mashati arobaini. Pengine mia nne. Wenzangu pale hawakujua hata kwamba nasoma, sasa ningeanzia wapi? Alizikwa kwao, mbali, na mimi jioni nikaenda darasani kama kawaida, nikakaa kwenye kiti changu hadi mlinzi akaja kufunga mlango.

Tangu siku hiyo shida yangu ikawa moja. Swali lililokuwa na jibu kwenye daftari, nilijibu kama redio. Swali ambalo Madam hakuwahi kulisomesha, kalamu ilikufa mkononi. Na watunga mitihani hawakuwa wamewahi kuliona daftari langu. Nilikuwa nimeshaamua: siendi kujiaibisha, somo hilo naliacha.

Basi usiku ule naona niko darasani, na nje ni mchana. Kilichonishangaza ni huo mchana, si Madam kuwa hai. Miaka miwili sikuwahi kumwona kwenye jua. Gauni nililodhani jeusi kumbe ni zambarau. Kwenye viti vyote yamekaa mashati, yamekunjwa vizuri, kola zimeelekea ubaoni. Madam anaita mahudhurio. Mashati yananyamaza. Naitika mimi kwa niaba ya yote, mara ishirini na mbili.

Anafunga kitabu cha mahudhurio, ananitazama.

"Bwana Pasi. Yule mtu aliyekwenda kazini, ni mtu wa namna gani?"

Namjua huyo mtu. Yumo katika riwaya tuliyosoma: karani mmoja anapata barua kwamba mama yake amefariki, anaikunja, anaitia mfukoni, anakwenda kazini kupiga mihuri yake hadi jioni. Jibu lake liko ukurasa wa kumi na moja wa daftari, na hoja tatu.

"Ana roho ngumu, Madam. Hoja ya kwanza..."

"Hilo ni langu," anasema. "Mimi nimeshakufa. Wewe unasemaje?"

Nafungua daftari, kurasa ni nyeupe. Nafungua tena, nyeupe. Nikiinua macho hatuko darasani, tuko bandani kwa dobi, Madam amesimama upande wa pili wa meza yangu, na pasi niliyoshika ni ya baridi, haina hata kaa moja. Hana haraka. Walioko huko nadhani hawana haraka na chochote. Mbele yangu kuna shati moja lenye makunyanzi, na nalitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitabu.

"Hakuwa na roho ngumu," nasikia sauti yangu ikisema. "Hakuwa na mtu wa kumwambia."

Madam Hilda anapitisha kiganja juu ya shati, taratibu, kama anayesoma kwa vidole.

"Kumbe," anasema. "Na mimi nimewasomesha vile miaka yote."

Anazunguka meza, anapita karibu yangu, na akifika mlangoni anageuka.

"Mtihani ukija, andika hivyo. Lakini kwanza kamwambie mtu."

Nikaamka. Mto umelowa, ungeweza kufugia kambare. Alfajiri ilikuwa inaingia dirishani, na nyuma ya ukuta, kwa jirani yangu Mama Zuhura, nasikia mafuta yakilia kwenye karai la vitumbua. Tumekaa nyumba hiyo moja miaka mitatu, na mazungumzo yetu yote yalikuwa shikamoo na chenji.

Nikatoka na shuka begani.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Leo mapema, havijaiva."

"Sikuja kununua. Mwalimu wangu amefariki."

Akaacha kugeuza. "Pole. Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu, na unapita hapa kila siku?" Akaniangalia kuanzia miguuni. "Siku ile ulipopata habari ulifanyaje?"

"Nilikwenda kazini."

Nilingoja aniambie lile jibu la ukurasa wa kumi na moja. Mama Zuhura akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza upande wangu wa jiko.

"Kaa," akasema. "Alikuwa anaitwa nani?"