Muhuri Mwekundu wa Injini

Sikumwamini yule mfanyabiashara tangu aliposhuka garini na kunisifia Kifaransa changu kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, na kila aliyeweza kuvuka mpaka alirudi Tukuyu na kitu cha kuuza. Yeye alileta injini ya mashine ya kusaga kutoka Burundi, na karatasi zake zote zilikuwa za Kifaransa. Baba mkwe wangu aliitaka. Alikuwa tayari kutoa shamba lake la chai la Lufingo, shamba lililotulisha sote na kusomesha watoto.

Fundi wa kuifunga alikuwa Mbeya, naye mambo ya injini aliyasoma kwa Kiingereza. Kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi. Nilikulia Bujumbura, ambako baba yangu alikuwa fundi gereji, na sasa nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari. Watu walidhani mambo yameisha. Wapi! Kifaransa cha mashine si kile cha shuleni. Kamusi iliniambia "arbre" ni mti, na mti ndani ya injini unafanya nini? Nikakisia kuwa ni shafti. "Jeu" ni mchezo, lakini mchezo wa valvu ulipimwa kwa milimita, nikaelewa kuwa ni ule mwanya mdogo unaoachwa ili valvu icheze. Halafu nikakutana na muhuri mwekundu kwenye ukurasa wa mwisho: "réformé".

"Hiyo rahisi, mwalimu," alisema mfanyabiashara, ambaye hakujua Kifaransa hata cha salamu. "Imefanyiwa mageuzi, kama nchi yetu."

Mume wangu alicheka sana, kupita utani wenyewe. Baba yake alikuwa amemwahidi kuwa ndiye atakayeisimamia mashine. Nikaanza kumtilia shaka na yeye.

Kamusi nayo ilikuwa upande wao: kurekebisha, kuboresha. Lakini nyuma ya gereji ya baba kulikuwa na uwanja wa magari yaliyoandikwa neno hilohilo milangoni kwa chokaa. Tulikuwa tukiokota mayai humo, maana kuku walitagia kwenye viti. Sikuwahi kuona gari likitoka pale kwa magurudumu yake. Nikaandika kwa Kiingereza: imeondolewa kazini, haifai tena.

Ila kwa Wanyakyusa, mke hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami; akisikia kikohozi chake njiani, huingia migombani. Tangu niolewe, maneno yangu yalimfikia kupitia mume wangu. Basi nikamweleza mume neno kwa neno, kisha nikasimama jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, nikasikiliza. Walikuwa wakiongea Kiswahili kwa ajili ya mgeni.

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

"Anasema ya zamani kidogo, tata, lakini imetengenezwa upya."

Hasira zilinipanda. "Sikusema hivyo!" nilipaza sauti. "Baba, hiyo injini wenyewe waliitupa. Usitoe shamba!"

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi kando yangu, alibaki na kisu mkononi. Nilijua nimefanya aibu ambayo ingesemwa mpaka Ikuti, na niliogopa kweli. Huko nje nilimsikia mfanyabiashara akikusanya karatasi zake harakaharaka.

"Mwambie mke wako nimesikia," mzee alimwambia mwanawe. "Samba langu sitoi."

Mume wangu akaja akasimama mlangoni, akitazama miguu yake. Alijua nimesikia kila kitu, lakini alikuwa ametumwa.

"Baba anasema amesikia," aliniambia. "Shamba lake hatoi."

Safari hii hakupunguza kitu. Ndipo nikaanza kujiuliza, miaka yote ile, mzee alikuwa akiletewa maneno ya nani.