Mkeka Alioutaka Bibi

Harufu ya vanishi mbichi bado inanichefua. Nilipokuwa na miaka kumi ilijaa nyumbani kwetu Mbugangari siku nzima, ikashinda hata moshi wa maharage waliyopikiwa waombolezaji, kwa kuwa seremala alileta jeneza la bibi kabla halijakauka. Msimu ule wa mvua ndio ninaotaka kuusimulia, ingawa mimi si mtu wa kusema. Nyumbani waliniita Kimya, na wageni wengine walidhani ndilo jina langu.

Bibi alikuwa mama yake mama. Miaka mingi alibeba karoti na kabichi kutoka Busasamana hadi Goma, ng'ambo ya mpaka, kitunga kichwani, mpaka kifua kikamlaza. Nikitoka shuleni nilikaa naye kwenye mkeka wake nikimsomea daftari langu, maana yeye hakumaliza hata darasa la pili na alipenda kujua tulichofundishwa. Wiki ya mwisho ya uhai wake mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyekulia Uganda, alitufundisha neno coffin, yaani jeneza. Alisema kwa Wagiriki wa kale lilikuwa kitunga tu. Likapita kwa Warumi na Wafaransa, Waingereza wakalitumia kwa sanduku, hata kwa ganda la mkate wa nyama, na mwishowe likabaki la maiti peke yake. Bibi alicheka hadi akakohoa. "Donc, kumbe mi nilibeba jeneza kwa kichwa miaka yote, na watu wa douane pale mpakani hawakuniuliza kitu?" Kisha akanishika mkono. "Sikia, mama. Mi sitaki munifungie mu mbao na misumari. Munizungushe mu mukeka hii, vile tulifanya mama yangu. Utawaambia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Siku tatu baadaye alifariki. Mjomba, mwanawe mkubwa, alivuka kutoka Goma na kuagiza jeneza lenye kioo usoni. Jirani mmoja mzee alipokumbusha kwamba zamani mkeka ulitosha, mjomba alimkata: "Ile ilikuwa umaskini, muzee. Leo watu watasema tulimutupa." Kwetu, kabla msumari haujapigwa, msimamizi wa mazishi huuliza kama marehemu ameacha irage, neno lake la mwisho kwa aliowaacha. Akilitoa yeyote, hata mtoto, linafuatwa. Msimamizi aliuliza. Akarudia. Nilikuwa nimesimama pale mbele, neno ninalo mdomoni, ulimi mzito kama jiwe la volkano, na watu wazima wanatazamana juu ya kichwa changu. "Basi," akasema mjomba, na nyundo ikaanza. Tulipotoka makaburini watu walinawa mikono kama ilivyo desturi, wakapewa soda, wakaanza kuongea kwa sauti ya kawaida. Mimi nilinawa mara tatu. Mkeka ukahamishiwa jikoni, tukawa tunaanikia maharage juu yake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na nyumbani kwetu mjukuu huyo nilikuwa mimi. Sasa niko sekondari na ninaandika kila kitu, maana kusema bado sijaweza. Lakini mwezi huu, tukimenya viazi mimi na mama, nilimwambia yote. Kisu chake hakikusimama. "Aliniambia na mi," akasema. "Jioni ile ile, nilipomupelekea chai. Nilingoja mutu mwengine aanze."

Miaka yote hiyo nilijilaumu kwa kosa la mtoto, nikiamini kwamba mtu mzima angesema. Zamani niliogopa watu. Siku hizi ninaogopa kwamba woga wenyewe hauondoki kwa kukua. Nilimwambia mama: "Neno lako la mwisho wewe usiniachie mi peke yangu. Useme Jumapili, wote wakiwepo mezani." Akaitikia kwa kichwa. Jumapili mbili zimepita, tumekula, tumetoa vyombo, na hakuna aliyesema kitu.