Moduli Iliyotaja Namba Yake

Sadiya wa Arua alikuwa mtu wa kuota hata akiwa macho. Vidole vyake vilijifunza taipureta huko Juba, siku za ukimbizi wake. Mwaka wa tisini na nne, katika ofisi ya misaada, wakampa kompyuta. Akikaa mbele ya kioo kile cheusi chenye herufi za kijani, alisahau chai mpaka ikafunga utando.

Kazi yake ilikuwa programu ya majina ya wakimbizi waliotoka Sudan. Ndani yake kulikuwa na moduli ya majina, sehemu iliyofuta jina lililoandikwa mara mbili. Toleo la tatu lilikuwa na kosa: watoto wa baba mmoja waliozaliwa siku moja liliwahesabu mtoto mmoja. Basi kwa kila pacha, mmoja alipotea. Sadiya akatengeneza toleo la nne, akalituma kituo cha Koboko kwa disketi.

Lakini Rosa Kiden, mama wa pacha aliyevuka mpaka pale Oraba, aliambiwa Koboko kwa mwezi wa pili mfululizo kwamba mwanawe Lado hayumo kwenye orodha. Chakula cha wawili kikaliwa na watatu.

Asubuhi Sadiya akaita kwa redio. "Koboko, mnatumia toleo namba ngapi?"

"Nne, mama!" Nasur, karani wa huko, alijibu kwa sauti ya paredi aliyorithi kwa baba yake askari. "Iko kwa ukuta hapa, mimi mwenyewe naandika."

"Sikuulizi ukuta, Nasur. Nauliza mashine."

"Mashine haina mdomo, mama."

"Ipe chai, itasema!" mtu wa kituo cha Oraba akadakia, na redio nzima ikakoroma kwa kicheko.

Baada ya swala ya adhuhuri Sadiya akajilaza kwenye mkeka, usingizi ukamchukua taratibu. Akaota mtoto amesimama mlangoni. Alipomuuliza jina, watu wa barabarani wakamjibia, kila mmoja na lake, mtoto mwenyewe kimya. "Nyamazeni," Sadiya akawaambia. "Aseme mwenyewe." Akaamka na alama za mkeka shavuni.

Akasema Bismillahi, akaanza. Siku zote namba ya toleo ilikaa nje: kwenye karatasi ya disketi, kwenye barua, kwenye ukuta. Sasa akaiandika ndani ya moduli, mstari wa kwanza: 5. Mstari mwingine ukaiamuru moduli ichukue namba hiyo humo humo mwilini mwake, iichapishe chini ya kila orodha. Moduli ikienda, namba inakwenda nayo.

Disketi ikapanda lori. Wiki mbili baadaye orodha ya Koboko ikaja. Chini yake peupe, hakuna namba. Sadiya akautazama weupe ule muda mrefu, kama mtu anayesikiliza. Moduli ya zamani ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi bado. Na Lado hayumo. Akapanda gari kwenda Koboko.

Nasur akafungua sanduku la bati. Disketi mbili, nne na tano, zimefungwa katika kitambaa cha kudarizi.

"Hizi mpya, mama. Nilitunza. Vumbi ya Koboko iko mbaya."

"Na mashine inatumia ipi?"

"Ile ya zamani. Hiyo imezoea vumbi."

Sadiya akacheka mpaka machozi. Kwao pia sahani nzuri zilikaa kabatini miaka, zikingoja wageni. "Basi mgeni nimefika, baba. Zitoe."

Wakanakili toleo la tano. Rosa Kiden alikaa kizingitini, pacha mmoja mapajani, mwingine mgongoni. Printa ikalia, karatasi ikashuka polepole, na chini kabisa ikaandika: Moduli ya majina, toleo la 5.

Nasur akasoma majina, kidole kikifuata mstari.

"Huyo wa mwisho," Rosa akasema. "Rudia."

"Lado."

Rosa akamfungua mtoto mgongoni, akamsimamisha mbele ya karani.

"Ndiye huyu. Mwangalie vizuri."