Mtandao Ndani ya Sanduku la Chuma

Nikiliangalia lile sanduku la chuma chini ya kitanda, mpaka leo nasikia kichefuchefu, na si kwa sababu ya mende peke yao.

Mke wangu alikuwa Bukavu kwa mtoto wetu, akingoja kupasuliwa tumbo. Aliomba kitu kimoja tu: asikie sauti yangu kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Kwa kuwa simu ya mkononi siisikii vizuri, mtoto alinitumia simu ya mezani inayotumia interneti, yenye mkono mkubwa wa kuweka sikioni. Lakini simu ile inajua waya tu, na interneti yetu hapa Kasongo inashuka kutoka sahani ya juu ya bati hadi kwenye boksi linaloitawanya hewani.

Nikamwita fundi wa sokoni, mtu aliyeacha kuchimba dhahabu Lusangi. Alileta kidude kinachoshika mtandao hewani na kuupitisha kwa waya hadi kwenye simu. Nilimtolea boksi, akasoma neno la siri chini yake, akaunganisha. Simu ikalia. Alipoondoka, nikarudisha boksi mahali pake, ndani ya sanduku, nikafunga kufuli.

Nyumbani kwetu kila kitu cha thamani kinalala sandukuni. Lakini boksi sikulifichia wezi. Mke wangu alikuwa amempa mjane wa jirani neno la siri aongee na watoto wake walio Kalemie, na wageni wa mjane wakaanza kuegemea ukuta wangu na simu zao, wakitema makapi ya miwa. Walinichukiza. Mke alipoondoka kwa pikipiki njia ya Kabambare, nilitoboa sanduku kwa msumari, nikapitisha nyaya, nikawafungia mtandao humo. Ukuta ukabaki mtupu, nikafurahi.

Asubuhi ya kupasuliwa, simu ya mezani ilikuwa imekufa. Nikaenda sokoni kumtukana fundi mbele ya watu.

“Baba, jana ilikuwa inalia muzuri,” alisema. “Umegusa nini?”

“Sijagusa kitu. Wewe ni mwizi kama wenzako wa machimboni.”

“Basi utafute fundi mwingine, Baba. Kwako sirudi.”

Nilirudi nyumbani nimechukia kila mtu. Nikafungua sanduku nipate nafasi ya kuitupia ile simu. Mende walimwagika. Walikuwa wamezaliana chini ya boksi kwa ajili ya joto lake, wamechafua kitenge cha arusi cha mke wangu. Wakati nikiwa nimeshika kifuniko, simu ikalia sebuleni: chuma nilichowafungia wageni kilikuwa kimenifungia na mimi.

“Baba, tumekuita asubuhi yote,” mtoto alisema. “Wamekwisha kumuingiza. Mama alishika simu mpaka mulangoni.”

Nilikaa pale, mende mmoja akinipanda mguuni. Sikumtoa.

Mke wangu alipona. Alipopata nguvu za kuongea nilimweleza yote kwa simu ile, sanduku, ukuta, matusi ya sokoni.

“Na mama wa jirani,” aliuliza polepole, “siku zote hizo aliongea na watoto wake wapi?”

Sikuwa nimewahi kujiuliza.