Dawa Nilizozitupa, na Jogoo wa Baba Mkwe

Siku ya tano nilizitupa dawa zangu kwenye maganda ya ndizi, nyuma ya jiko la mama mkwe wangu kule Mbale. Hazikuniponyoka. Nilizitupa kwa hasira.

Daktari wa Jinja alinipima akasema tumboni mna bakteria wanaoleta vidonda. Akanipa vidonge vya siku kumi na nne, vikubwa kama vya ng'ombe. "Ukiacha katikati watarudi, na watakuwa wabishi zaidi." Hakuniambia kwamba chai itakuwa na ladha ya msumari, maharage msumari, hata mate yangu mwenyewe msumari. Asubuhi kichefuchefu, jioni kuhara. Mume wangu, askari magereza, akaniambia nivumilie, huku anatafuna nyama choma. Nikamchukua mtoto nikaenda kwa wazazi wa mume wangu. Angalau huko kungekuwa na mtu wa kumwogesha mtoto nikiwa chooni.

Kwa desturi ya kwao, mke wa mwana na baba mkwe hawasemezani uso kwa uso. Yeye anakaa barazani, mimi jikoni, ukuta katikati. Basi nilipotupa dawa na kutangaza kwamba heri vidonda, nikamsikia mzee, mwanajeshi mstaafu, anaongea na jogoo wake.

"Afande jogoo, mwaka jana mimi niliacha dawa hizo hizo siku ya sita. Nikajiona mjanja. Miezi miwili haijaisha niko chini nimeshika tumbo, naanza upya siku ya kwanza. Msumari nimeuonja mara mbili. Sasa mjinga nani, wewe au mimi?"

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Na mimi nikaigeukia sufuria. "Sufuria, muulize huyo jogoo, alikuwa anakula nini?"

"Jogoo, mwambie uji wa wimbi uliopoa. Anywe kwanza, ndipo ameze. Na akae mbali na vitunguu vinavyokaangwa."

Nikaenda kuzifukua. Zilikuwa bado zimefungwa kwenye pakiti yake. Nikazipangusa, nimenuna vile vile.

Tangu hapo, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, mzee alikohoa mara moja barazani. Hiyo ilikuwa amri. Nikishameza, nagonga sufuria kwa mwiko, ajue imeshuka. Siku ya tisa nilichelewa. Akakohoa mara tatu, mtoto wangu akadhani babu anaumwa, akampelekea maji.

Siku ya kumi na nne niligonga sufuria mpaka jirani akachungulia.

"Jogoo," mzee akasema, "mtu amemaliza. Kazi yako imekwisha. Sasa kajitambulishe kwa sufuria."

Supu ya jogoo huyo bado ilikuwa na msumari kidogo. Nilimaliza bakuli, nikaomba jingine.