Kitambaa cha Mashine ya Masika

Vumbi likiungua lina harufu yake. Si ya moshi wala si ya plastiki. Ni harufu kavu, kama ya pasi iliyolala kabatini mwaka mzima ikawashwa ghafla. Juzi niliinusa kazini, mwenzangu alipowasha kompyuta ya zamani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama ninapiga kelele: "Funua! Funua hiyo kitu!" Mashine yenyewe haikuwa imefunikwa. Wenzangu walinitazama kwa huruma, nikaketi nikacheka peke yangu. Wao sikuwaeleza, lakini ninyi nitawaeleza.

Tulikaa Mabanga, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Aliyewahi kuishi huko anajua kwamba vumbi la mawe yale halibishi hodi. Linaingia katika sukari, katika mashuka, katika meno. Mama yangu alipigana nalo kwa sindano. Kila kitu cha thamani nyumbani alikidarizia kitambaa cheupe chenye maua: televisheni, redio ya marehemu babu, sanamu ya Bikira Maria. Bikira Maria alifunuliwa wakati wa rozari, televisheni wakati wa habari, kisha wote wawili wakavishwa tena. Papa, yaani baba yetu, alikuwa akinong'ona kwamba siku moja atasinzia kwenye kiti na kuamka ana maua kichwani.

Dada yangu mkubwa, Masika, alipomaliza shule alitangaza kwamba kazi yake itakuwa kutengeneza filamu za harusi. Akakusanya kompyuta iliyotumika, kipande hapa kipande pale, akaifunga mwenyewe kwenye meza ya sebuleni. Ndani yake kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko wachumba wote waliopita mlangoni petu: karte, kile kipande kinachochora picha kwenye kioo, chenye feni zake mbili ndogo za kukipoza. Wiki ileile mashine ilipofika, Mama aliniita nishike ncha ya uzi, akaipima urefu, upana na kimo, midomo imefungwa. Mimi, mtoto wa miaka kumi mwenye akili nyingi zisizoombwa, nikaelewa mara moja. Anapima kartoni ya kuifungia ikauzwe! Nikakimbia kumwambia Masika, na tangu siku hiyo Masika akawa anamjibu Mama kwa neno moja moja.

Hatukuwa na sababu ya kufikiria vingine, maana Papa hakuificha nia yake. Yeye alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, na hakuamini kazi isiyoingia katika gunia. "Kazi ni kitu unabeba ku mugongo, watu wanaona," alisema. "Hii ya kukaa mbele ya kioo ni ya nani?" Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, akampa Masika harusi moja. Ilikuwa harusi ya Gentille, binti wa jirani yetu. Filamu ikiwa tayari Jumapili, mashine inabaki. Isipokuwa tayari, mashine inauzwa na Masika anapanda gari kwenda Butembo kuuza vitenge kwa shangazi. Shangazi alikuwa mtu mwema, lakini akipiga chafya duka zima linasimama wima.

Jumapili haikuchaguliwa ovyo. Bwana harusi alikuwa wa jamaa ya Rutshuru, na kwao, baada ya harusi, kuna siku ya kumfunua bibi harusi, yaani gutwikurura: watu wa kwao msichana wanakwenda kumwona katika nyumba yake mpya, wanakula, wanakunywa, wanapeana hotuba ndefu. Safari hii ingekuwa mtaa wa Murara, alasiri, na filamu ingeonyeshwa mbele ya koo zote mbili. Mama Gentille alikwisha kulitangazia soko zima.

Alhamisi Masika, aliyekwisha kuipiga picha harusi yenyewe, aliweka kila kitu tayari na kuiamuru mashine itengeneze filamu. Mashine ikapiga hesabu zake, ikajibu kwamba itamaliza Jumatatu.

"Jumatatu?" Masika aliiuliza kana kwamba imemtukana. Kisha akanigeukia. "Kavira, leta burashi. Tutaiongezea mwendo."

Alinieleza akiwa amepiga magoti, kichwa nusu ndani ya sanduku la mashine. "Kule kiwandani wanaipangia karte mwendo wake, lakini wanabakishaka nguvu kidogo. Hiyo nguvu ndiyo tutaomba. Polepole. Mwenye kuomba kwa pupa ananyimwa." Kwanza tukaisafisha, vumbi lililotoka lingetosha kupanda maharagwe. Kisha akafunga feni moja mbele na nyingine nyuma. Hewa ya baridi iingie huku, ya moto itoke kule, isizunguke ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Ndipo akaanza: anaongeza mwendo kidogo, anaipa kazi nzito ya kuijaribu, anangoja, anatazama joto. Kazi ya kutazama joto alinipa mimi. Nilisoma digrii kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa kama tulivyosoma hesabu shuleni, na moyo wangu ulijaa cheo. Soixante-huit! Soixante-douze! Sitini na nane, sabini na mbili. Tulikubaliana kwamba ikivuka themanini tunarudi nyuma, hakuna mjadala.

Safari moja aliongeza mno. Digrii zilikuwa nzuri, lakini Gentille kwenye kioo akatokwa na madoa ya kijani uso mzima, na mchungaji aliyekuwa akiwabariki akakosa kidevu.

"Mama wee! Amepata surua!" nilipiga kelele.

"Basi hapo ndipo mwisho wake," Masika akasema, akarudisha mwendo hatua moja, kisha nyingine ya usalama. Madoa yakaisha, mchungaji akarudishiwa kidevu, na mashine ikaahidi Jumapili saa sita mchana. Tulicheza ngoma pale sebuleni mpaka redio ya babu ikatikisika.

Mama alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akizitazama feni. "Mu mbabula, ninapepea makala juu ya kuwasha moto," alisema, akimaanisha jiko lake la makaa. "Nyie munapepea juu ya kuzima?"

"Mama, humu hamuna moto. Ni joto tu," Masika alijibu bila kugeuka.

"Joto ni mutoto wa moto."

Akarudi jikoni. Sisi tukatazamana kama watu wanaomjua adui yao.

Jumapili asubuhi mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, sabini na sita, haipandi haishuki. Papa hakukubali udhuru wa mtu kukosa misa, kwa hiyo tukaondoka naye. Mama alisema ataenda misa ya pili, ana kazi kidogo nyumbani. Masika alisali kwa haraka hata akamaliza Baba Yetu kabla ya padri.

Tuliporudi, harufu ilitupokea nje. Mashine ilikuwa imevaa! Kitambaa cheupe, maua mekundu na ya bluu, kimeshonwa kwa vipimo vyake kamili, kimeifunika juu, mbele, nyuma, hadi mezani. Ndani yake feni zilikuwa zinalia kama mbu waliofungiwa katika chupa. Mama alisimama kando amevaa kitenge chake cha Jumapili, anatabasamu.

"Funua!" Masika alipiga yowe. "Funua, Mama, itakufa!"

Akakivuta kitambaa kikaanguka chini. Nikasoma kioo: "Quatre-vingt-treize." Tisini na tatu. Karte ilikuwa hai, lakini ili isijichome ilikuwa imepunguza mwendo yenyewe, ikawa inajikokota. Na pale chini mashine ilikuwa imeandika tena kwamba itamaliza Jumatatu.

Masika akakaa chini akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, mabega yote. "Nilifunika juu ya vumbi, isiingie," Mama alisema polepole. Mimi nilimchukia siku ile, nawaambia kweli. Niliona Butembo, nikaona vitenge, nikasikia chafya.

Hapo hodi ikapigwa. Mama Gentille huyo, amejifunga mshanana, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, wa rangi ya dhahabu, anaulizia filamu yake.

Papa akaziba mlango kwa mwili wake. Nilingoja aseme ukweli, maana Papa hakuwa mtu wa kudanganya, tena alikuwa ametoka kukomunika. "Iko tayari," akasema. "Inabakia kidogo tu. Kazi nzuri haikimbizwe." Akafunga mlango, akatugeukia, shingo imemvimba. "Munangoja nini? Mutoto yangu hatapata haya mbele ya majirani!"

Basi ikawa kazi ya ukoo mzima. Tuliibeba meza na mashine ikiwaka, Papa upande huu, Masika upande ule, mpaka mlango wa nyuma ambako hewa ya baridi ya Goma ilikuwa inashuka yenyewe. Masika akafungua ubavu wa sanduku. Mama akanyunyiza maji uani kote, jinsi alivyofanya kabla ya kufagia, vumbi lisiinuke. Papa akashika kipande cha kartoni kutoka jikoni, kile cha kupepea makaa, akaanza kupepea kwa nguvu zote.

"Papa, polepole! Haiko mbabula!"

"Wee soma digrii!"

Nikasoma. Tisini. Themanini na nne. Sabini na tisa. Karte ikavuta pumzi, ikarudi katika mwendo wake, na saa nane filamu ikaisha. Papa aliipeleka Murara mwenyewe, mkono wa kulia umekufa ganzi, na tangu siku hiyo aliwaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza.

Jioni Mama alikuja na mkasi na kile kitambaa, akaketi karibu nami, si karibu na Masika. "Upepo inaingiliaka wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. "Na inatokeaka wapi?" Nikamwonyesha. Akakata matundu mawili ya duara, moja mbele na moja nyuma, katikati ya maua yake, kisha akaanza kudarizi ukingoni ili yasichanike. Mimi niliona mtu anayerekebisha kosa lake, nikamsamehe kwa ukarimu wa mtoto.

Mwaka jana Mama alinifundisha kudarizi. Kitambaa kidogo cha redio tu kimenila mwezi mzima na vidole vyote. Nikakumbuka kile cha mashine, maua pande nne, na ule uzi nilioushika ncha, na nikaacha sindano. Nyumbani kwetu Mama hakuwahi kudarizia kitu kinachoondoka. Alikuwa ameanza kushona kabla Papa hajaweka sharti lake, kabla ya Gentille, kabla yetu sote. Nilitaka kumwomba radhi, lakini alikuwa anahesabu mishono, akaniambia nisimpoteze hesabu.

Leo studio ya Masika ina mashine tatu. Zote zimevaa vitambaa vyeupe, na kila kitambaa kina matundu mawili yaliyozungushiwa maua, kwa ajili ya upepo.