Bi Mdomo na Pacha Wake wa Mashine

Waliomjua walimwita Kalamu, maana tangu utotoni hakuna karatasi iliyosalimika mbele yake. Mchana alikaa mapokezi ya kliniki ya meno, akiwapanga wagonjwa na kuwatuliza wenye maumivu. Jioni alichora katuni na kuziweka kwenye tovuti moja ya wachoraji. Mhusika wake, Bi Mdomo, aliuza viatu na ulimi wake haukuwa na breki. Wasomaji walimpenda. Aliyekuwa hana habari ni dada mkubwa wa Kalamu, mjane mwenye duka la viatu, ambaye ndiye hasa aliyechorwa.

Mwaka mmoja ulianza kwa tovuti hiyo kutangaza kwamba katuni za kurasa zimepitwa na wakati. Watu wanasoma kwenye simu, wakishuka kwa kidole gumba. Kalamu alinung'unika, kisha akakubali yaishe. Akazivunja kurasa zake, akapanga mchoro chini ya mchoro. Kumbe nafasi tupu nayo huchekesha: Bi Mdomo anafungua kinywa, msomaji anashuka, anashuka tena, ndipo neno linamfikia.

Katikati ya mwaka Bi Mdomo akapata pacha. Mtu asiyejulikana aliilisha mashine ya akili bandia michoro ya Kalamu, nayo ikawa inatema katuni mpya kila kukicha, za rangi kali, uso uleule, vidole mara vitano mara sita. Kalamu aliwaandikia wenye tovuti. Wakajibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Halikushughulikiwa.

Pacha huyo ndiye aliyefika dukani kwa dada, kwenye simu ya mteja.

"Huyu si wewe?" mteja aliuliza, mbavu hana kwa kicheko.

Dada alifunga duka, akaingia kliniki bila hodi. "Wewe mtoto wa mama yangu, ndiyo umenianika hivi?"

Wagonjwa wakasahau meno yao.

"Hiyo sikuichora mimi, dada. Ni mashine."

"Mashine imenijulia wapi?"

Kalamu akakosa pa kukimbilia. "Kwangu," akasema, akamfungulia zile za kwake kwenye simu.

Dada alikaa kati ya wagonjwa, akasoma. Kuna mahali alicheka hadi daktari akachungulia. Kisha akafika kwenye kisa ambamo Bi Mdomo, baada ya kufunga duka, anavaa viatu vya marehemu mumewe na kutembea navyo huku na huko, bila neno.

"Uliniona?"

"Nilikuona dirishani. Nilikuja kukurudishia funguo."

"Ungebisha hodi."

Dada akamrudishia simu. "Yule wa mashine anampigia mwanamume magoti. Mimi nimempigia nani?"

"Hakuna."

"Basi huyu wako mwache aendelee. Ila ukitaka kunichora, uniulize kwanza."

Tangu siku hiyo, jioni kadhaa walikaa pamoja, mmoja akisimulia, mwenzake akichora. Mengine dada aliyakataza, na hayakuchorwa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, tovuti ikafungwa kwa tangazo fupi. Wasomaji wengi walitawanyika. Waliobaki wakawa wanatumiwa katuni moja kwa moja kwenye simu zao. Yule pacha alihamia kwingine, na Kalamu akaacha kumfuatilia.

Dukani, wateja hawakuacha kuuliza.

"Ndiyo, ni mimi," dada aliwajibu. "Sasa jaribu hiki, hicho kinakubana."